Mashine ya Sweta Niliyoinadi

Elineema mwanangu,

Najua utashangaa. Baba gani huyu anamwandikia barua mtu aliye chumba cha pili, ambaye hata kukohoa kwake anakusikia? Shangaa tu. Mdomo wangu unaujua. Nikianza kusema nitatia mzaha, mzaha utaleta hadithi, hadithi itaomba chai, na kesho basi litakupitia pale barabarani nikiwa sijasema neno. Kwenye karatasi nikikosea nakata, naanza upya.

Sitakuambia uvae nguo nzito, wala usile vya watu njiani, wala ulale na pochi kifuani. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na kama namjua vizuri atayarudia kesho pale kituoni Maji ya Chai mpaka kondakta amwombe ashuke. Mimi nataka tuzungumze habari ya kuuza vitu. Huyo mama wa Njombe amekuchukua ukamfumie masweta, lakini aliponipigia simu aliniuliza pia kama ni kweli unajua kompyuta. Ana makabati ya duka lake la zamani, na meza, na mashine mbili kuukuu, anataka kuviondoa kwa mnada wa intaneti, na amesikia kwamba huku Meru mimi ndiye mzee wa minada hiyo. Nikajivuna kwenye simu kama jogoo. Nikamwambia, "Huyo nimemfundisha mwenyewe." Nilipokata simu ndipo nikaanza kujiuliza ni kitu gani hasa nilichokufundisha.

Nilivyoingia kwenye kazi hii unakumbuka nusunusu, ulikuwa bado mdogo. Kiwanda kilipopata mmiliki mpya, sisi wa stoo tulikuwa wa kwanza kuambiwa ahsanteni. Nilikuwa nimekaa stoo ujana wangu wote, na stoo inamfundisha mtu kutazama. Kitu kikipita mbele yangu nakipima bila kutaka: urefu, upana, kimechakaa kiasi gani, kina mwenyewe au hakina. Mama yako alikuwa akinicheka kwamba hata mchungaji akisimama madhabahuni mimi napima madhabahu. Alikuwa anasema kweli.

Basi nikaenda mjini kumsaidia binamu yangu kwenye kafe yake ya intaneti kule Kaloleni. Pale ndipo nilipowaona wageni wakiuza vitu bila kutoka kwenye kiti. Mtu anarudi kwao, anaandika barua pepe moja, inawafikia wageni wote wa Arusha na wenye hoteli na watu wa mashirika: nauza friji, nauza kitanda, nauza baiskeli ya mtoto. Anayetaka anajibu na bei yake. Nikasema, hivi sisi hatuna vitu ndani? Binamu akacheka. Alipomaliza kucheka akanipa kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi zake mbili zilikuwa haziandiki mpaka uzikandamize kwa kidole gumba.

Utaratibu wangu ulikuwa rahisi, na huyo mama wa Njombe utamfanyia huohuo. Jumatatu unatangaza kitu, picha yake, hali yake, na bei ya kuanzia. Anayekitaka anakuandikia dau lake. Kila jioni unawaarifu wote dau la juu limefika wapi, bila kutaja jina la mtu. Ijumaa saa kumi na mbili jioni unafunga, na mwenye dau la juu ndiye mwenye kitu. Hakuna zaidi ya hapo. Kila kosa nililolifanya lilitokana na kutaka kuongeza kitu juu ya utaratibu huo.

Kosa la kwanza lilikuwa friji yetu ya mafuta ya taa. Niliandika "kama mpya." Nani aliniambia niandike hivyo? Nilikuwa nimesoma wageni wakiandika, nikadhani ni salamu tu, kama vile mtu anavyosema hajambo huku anaumwa. Meneja wa hoteli moja ya Usa River akainunua bila kuiona. Kesho yake pikapu ikapanda mpaka kwetu, friji ikiwa juu, mlango umefungwa kwa kamba, na majirani wote wakatoka mashambani kuona. Yule bwana alikuwa mpole, hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia, "Mzee, ungeniambia kwamba imeoza chini ningeinunua hivyohivyo, nilitaka vyuma vyake." Toka siku hiyo ninaanza na kasoro. Meza ina mguu uliokatika ukaungwa: sema. Kiti kimetafunwa na panya: sema, na upapige picha palipotafunwa, mchana, nje, siyo ndani kwenye giza. Watu huwa wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeona kibaya nacho kikijiuza, mradi hukukivika shela.

Na usiseme kwa nini unauza. Mwanzoni nilikuwa naandika, "nauza kwa sababu ya ada za watoto." Madau yalishuka siku hiyohiyo. Mtu akijua una shida anakusubiri uanguke.

Haya yote utayajua mwenyewe kwa wiki mbili. Nayaandika kwa sababu najizungusha, na nadhani umeshaona kwamba najizungusha.

Kwenye stoo tulikuwa na kanuni: kitu ambacho hakijaguswa mwaka mzima ni chakavu, kipeleke mnadani. Kanuni nzuri kwa misumari. Nikaileta nyumbani kwangu. Nikawa napita chumba kwa chumba nikitafuta kilicholala. Kabati la vyombo lenye kioo, nikaliuza. Redio ya mbao, nikaiuza. Majirani wakaanza kuleta vyao, nami nikachukua sehemu yangu kidogo, tukala, hatukulala njaa. Nisikane kwamba nilifurahi. Mtu aliyeambiwa hana kazi tena anapata raha kubwa kuona kwamba bado anaweza kuondoa mzigo mahali.

Ndipo nikafika chini ya kitanda chetu, nikaiona mashine ya mama yako.

Wewe umelelewa na ile mashine. Kabla hujaanza shule ulikuwa unalala kwenye kapu la nyuzi huku mama yako anasukuma ule mkono wake, kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, na shule zote kuanzia hapa mpaka Tengeru zilikuwa zinavaa masweta yake. Kijani, bluu, damu ya mzee. Halafu mitumba ikafunguliwa. Sweta la mtoto wa Ulaya likawa linauzwa mnadani hapo Maji ya Chai kwa bei ya bonge moja la uzi. Mama yako alishindana nayo misimu miwili, akachoka. Akaifunga mashine kwa khanga, akaisukuma chini ya kitanda, akaanza kuuza nyanya. Hakulalamika. Nami kwa ujinga wangu nikadhani mtu asiyelalamika hana neno.

Nilimwuliza, huo ukweli nauandika kwa sababu utanisaidia kidogo: "Mama Elineema, ile mashine niipeleke?" Akasema, "Si unaona haina kazi." Nikahesabu hiyo kuwa ni ndiyo. Wewe ulikuwepo, unachambua maharage, hukuinua kichwa.

Na ndiyo jioni ile walipokuja wazee wawili wa kanisa, mimi nikiwa na wasikilizaji nikaanza maringo yangu. Nikawaambia, "Siku hizi humu ndani hakuna cha bure. Hata mke wangu, hata binti yangu, akitaka kitu na apande dau kama wengine!" Wazee wakacheka sana. Wewe ulikuwa unawanawisha mikono. Nimeukumbuka uso wako wiki hii tu, miaka miwili baadaye, na natamani nisingeukumbuka.

Sasa nikueleze kitu ambacho nadhani ndicho kilichowapoteza wewe na mama yako. Mliniamini kwa sababu ya mnada wa kanisani.

Umekua unaniona Jumapili, ibada ikiisha, nimesimama nje ya kanisa nikinadi sadaka za wasiokuwa na fedha: mkungu wa ndizi, mayai, boga, jogoo aliyefungwa miguu. Unajua jinsi unavyokwenda. Mtu ananunua yai kwa bei ya kuku, halafu anampa bibi aliyesimama karibu naye. Ndizi moja inanadiwa mara tatu, kila aliyeinunua anairudisha inadiwe tena. Ni mnada wa kupendana, na mnadi wake kazi yake siyo kupiga kelele, ni kutazama. Siku moja Mama Eliaoni, yule mjane wa pale juu ya mfereji, alileta kuku wake pekee aliyekuwa akitaga, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameamka mzima kutoka kwenye homa. Nilipoanza kumnadi yule kuku nikaona mkono wa Mama Eliaoni mwenyewe unapanda, si juu, hapa tu kwenye bega. Alikuwa anataka kuku wake. Dau lake lilikuwa la aibu. Sikusema kitu, nikatazama watu, na watu wakanyamaza wote, hata yule mwenye duka ambaye hukohoa tu ikawa amepanda dau. Nikasema moja, mbili, tatu, na kuku akarudi nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwenye kitu, au mtu wa nyumba yake, akikinyooshea mkono kitu chake mwenyewe, wengine wananyamaza. Hakuna aliyetuandikia.

Kwa hiyo mama yako akakuambia, panda dau, baba yako atakujua.

Nami sikukujua, Elineema. Nitalisema mara moja, nisilipambe.

Wiki ile dau la kwanza lilitoka kwa mama mmoja Mzungu aliyekuwa na mradi wa wanawake. La pili lilitoka kwenye anwani isiyo na jina la mtu, herufi tatu na tarakimu, imeandikwa kwa Kiswahili kifupi: "Naitaka mashine." Nikamwambia binamu, huyu ni mfanyabiashara wa Usa River, amejificha asijulikane bei yake. Kila yule mama alipopanda, huyu wa herufi tatu alipanda, kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetoa fedha kutoka kwenye fundo la khanga. Nikawa nacheka peke yangu. Nilikwambia wewe mezani, unakumbuka? Nilikwambia, "Kuna bahili mmoja ananifurahisha, anapanda kwa senti." Ukasema, "Labda ndizo alizonazo, baba." Nikasema, "Basi akae nyumbani."

Ijumaa saa kumi na mbili jioni ilipofika, dau la juu lilikuwa la herufi tatu. Mashine ilikuwa yako. Kwa kanuni niliyoiweka mwenyewe, kwa saa ya ukutani ya kafe ya binamu yangu, mashine ilikuwa yako, na hakuna aliyekupendelea.

Sikufunga. Nilisikia harufu ya fedha zaidi. Nikachukua simu nikampigia yule mama, nikamwambia kuna mtu anamfukuzia, akitaka naweza kumngoja kidogo. Akapanda mara mbili ya bei kwa pumzi moja. Nikawaarifu wote dau hilo jipya. Ndipo ikaingia barua kutoka kwako: "Muda umeshapita, mzee." Hukuandika baba. Uliandika mzee, kama mtu yeyote anavyomwandikia mtu yeyote, kwa sababu nilisema mpande dau kama wengine, nawe ulikuwa unafuata. Nami nikakuandikia jibu. Nalijua kwa moyo, na najua wewe pia. Niliandika, "Asiye na fedha asiwapotezee wenye nazo muda."

Nikafunga mnada. Nikarudi nyumbani nimenunua nyama.

Wewe siku ile ulichelewa kurudi. Ulisema umetoka Usa River kumsalimia rafiki yako. Ulinipa shikamoo, ukaenda kulala bila kula ile nyama, nikasema wasichana wa siku hizi wanaogopa kunenepa. Na tangu hapo, miaka miwili hii, umekuwa binti mwema kabisa kwangu. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni. Maji ya kuoga yapo. Nikikutuma unakwenda. Hujanikatalia kitu na hujaniomba kitu. Nilikuwa nikiwasifia watu: binti yangu amekua, ametulia. Mungu anisamehe, nilidhani ni malezi yangu.

Jumanne hii ndiyo nimejua. Ulikuwa umekwenda shambani kwa shangazi kuaga. Mama yako alikuwa anakunja nguo zako, mimi nimesimama mlangoni nikisumbua kama kawaida. Nikasema, "Mtoto anakwenda Njombe yote ile kusukuma mashine ya mtu, na hapa tulikuwa nayo. Kama alikuwa anapenda kufuma si angesema? Ningemwachia."

Mama yako hakuacha kukunja. Akasema, "Alisema. Ukamjibu."

"Alisema lini?"

"Kwenye huo mtandao wako, kwenye kafe ya Usa River. Tulikusanya fedha za mayai na za vibarua vya kupalilia. Nilimwambia, panda, baba yako akiona atanyamazisha watu kama anavyofanya kanisani."

"Mama Elineema, kwenye kompyuta hakuna sura! Ningemjuaje?"

"Mkono wa Mama Eliaoni uliujua," akasema. "Ulikuwa hapa kwenye bega."

Nilikasirika. Nikamwambia angeniambia, miaka miwili tunalala kitanda kimoja. Akaniambia wewe ulimkataza. Ulimwambia, "Usimwambie, mama. Nimeshajibiwa." Halafu akaniambia na yale mengine ambayo sikuyajua kabisa. Kwamba kila nilipokuwa mjini mlikuwa mnaivuta mashine kutoka chini ya kitanda, anakufundisha. Kwamba vile vipande vya uzi nilivyokuwa nikiviona sakafuni, nikamlaumu paka, vilikuwa vyako. Kwamba ulikuwa umeshazungumza na mwalimu mkuu wa hapa kuhusu masweta ya watoto wa darasa la kwanza. Ulikuwa na mpango wa kuishi hapa, Elineema. Nami ndiye niliyekukatia tiketi ya Njombe, huku nikidhani unakimbia baridi ya nyumbani kwenda kwenye baridi kubwa zaidi kwa utundu wa ujana.

Nilikaa nje mpaka mama yako akaja kuniita kula, sikula.

Nisikudanganye kwamba nilianza kwa kujuta. Nilianza kwa kubishana. Nilisema moyoni, kama alikuwa ananihitaji angenifuata usoni, mimi si simba. Nikasema, biashara ni biashara. Nikasema fedha zile zililipa ada ya kaka yako. Yote kweli. Na kila nililolisema lilikwama palepale, kwenye ile saa kumi na mbili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata kama angekuwa ni bahili wa Usa River kweli, hata kama angekuwa mtu nisiyemjua mpaka kufa, mashine ilikuwa yake. Nilikuwa nimemdhulumu mtu kabla sijajua ni nani. Kujua ni wewe kumeongeza uchungu, lakini dhuluma ilikuwepo tayari. Hilo ndilo ninalotaka uende nalo huko kwenye minada ya huyo mama. Saa uliyoitaja ikifika, funga. Hata kama unayempa humwoni, na hasa kama humwoni.

Alhamisi nikavaa koti, nikamwambia mama yako nakwenda mjini. Nilikwenda kijiji cha Terrat, ulikokuwa ule mradi wa wanawake. Nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa yule Mzungu aliondoka siku nyingi, mradi ulikufa, lakini mashine ilibaki kwa wanawake. Nilikuwa na fedha mfukoni na nia ya kuirudisha kwa bei yoyote. Nilijiona nikishuka nayo kwenye gari mbele yako, na wewe unafungua begi unatoa nguo.

Nikamkuta binti wa rika lako, Naserian, kwenye chumba cha bati chenye dirisha moja. Ameiweka mashine mezani, anafuma sweta la shule, la kijani. Alinyanyuka akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nilitazama mashine kwa macho yangu ya stoo. Imesafishwa. Sindano zote zipo, zimepakwa mafuta. Pale kwenye kona, mama yako alipoifunga kwa waya, pamefungwa waya mpya. Haijawahi kutunzwa hivyo tangu itoke dukani.

Nikamwuliza, "Binti, hii mashine mnaiuza?"

Akaweka kiganja juu yake, polepole, kama mtu anayemshika mtoto karibu na barabara. "Hii? Baba, hii inatulisha watu watatu na watoto wetu. Umesikia wapi kwamba inauzwa?"

Nikasema sikusikia popote. Angeniambia bei ningelipa, Elineema. Lakini hakutaja bei, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mnada sikuitaja pia. Nilikuwa nimeshamnyang'anya mashine hiyohiyo msichana mmoja kwa kutumia fedha. Wa pili sikumweza.

"Umekuja kupimisha sweta?" akaniuliza, maana nilikuwa bado nimekaa.

Nikasema ndiyo. La binti yangu, anakwenda Njombe.

"Njombe! Basi liwe zito. Kifua chake ni ngapi?"

Sikujua. "Urefu wa mkono?" Sikujua. Mimi ninayeweza kukuambia upana wa kabati nililouza mwaka wa kwanza, na kina cha droo zake. Nikanyoosha kiganja hewani kuonyesha kimo chako, hivi, wima, tunavyoonyesha kimo cha mtu. Naserian akatazama kiganja changu, akacheka kwa adabu, akaziba mdomo. "Baba, huyo ni wa darasa la tano. Anakwenda Njombe kufanya nini?" Nikapandisha mkono. Akasema, "Hapo?" Nikasema labda hapo. Akapima hewa chini ya mkono wangu kwa futi yake ya kitambaa, akaandika, akaniambia nirudi Jumamosi.

Jana nimelichukua. Ni la kijivu, uzi mzuri, limefumwa kwa mkono uliotulia. Nimelificha ndani ya koti langu mpaka leo jioni. Ulipopita uani na ndoo, ukainua mikono kuanua nguo kwenye kamba, nikaitazama mikono yako vizuri, na hapo hapo nikajua. Halitakutosha. Litaishia juu ya vifundo vya mikono, na kifuani litakubana. Nimemfumishia mtoto aliyekuwa analala kwenye kapu la nyuzi, na huyo hayupo humu ndani tena.

Nilitaka kulificha kabisa, nikuage na mikono mitupu kuliko kukupa kitu kinachoonyesha sikujui. Halafu nikajiambia, nimeshaficha mangapi. Kasoro nimejifunza kuzisema mwanzo. Kwa hiyo limo kwenye begi lako, chini ya zile ndizi alizofunga mama yako, na kasoro yake ndiyo hii: ni dogo, na kosa ni la aliyepima.

Usilivae kwa kunionea huruma, na usimpe mtoto wa mtu. Ukifika, ukipata jioni ya nafasi, lifumue. Anza chini, kwenye mkanda, uzi utatoka wenyewe, Naserian hakufunga mafundo mengi. Lifume upya kwa kipimo chako, unachokijua wewe. Uzi hautatosha, najua. Utalazimika kuongeza wako, na sidhani utapata kijivu kama hicho huko, kwa hiyo pataonekana mahali wangu ulipoishia na wako ulipoanzia. Acha paonekane hivyohivyo.

Kisha niandikie urefu wa mkono wako.

Baba yako